Nani Ametia Chumvi? Maisha ya Dada Yetu

Shemeji yetu mpendwa, wanetu na wajukuu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi nyote mliokuja kutusindikiza, poleni sana, na karibuni. Familia imenituma mimi kuwasomea maisha ya dada yetu, si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wenzangu, bali kwa sababu mimi ni kitinda mimba, na kitinda mimba hana wa kumtuma.

Niwaambie jambo moja mapema, maana tutalirudia. Katika mwaka wake wa mwisho dada alikuwa na swali moja tu, na halikuhusu moyo wake uliokuwa ukichoka, wala mahali ambapo tungemlaza leo. Alitaka kujua kama kile kikao chake cha asubuhi, alichokilea kwa miaka kumi na mitano, kingeweza kusimama bila yeye. Alitamani sana kujua, na hakumuuliza mtu, na sababu ya kutouliza mtaielewa tukifika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii tunayoizunguka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto tisa wa fundi seremala na mshona nguo, na mama alipenda kusimulia kwamba alitoka amekunja uso, akatazama chumba chote, kama mtu aliyekuja kukagua na hakuridhika. Aliingia shule ya msingi iliyo nyuma ya soko mwaka 1968, akamaliza akiwa wa pili darasani, na yule wa kwanza yupo hapa leo, ameketi karibu na mlango, na ameniomba nilitaje hilo.

Lakini elimu yake kubwa hakuipata darasani, aliipata jikoni. Mwaka 1973 mama alishikwa na homa kali, akalala, akatuachia sufuria ya maharage motoni, na mimi sikumbuki kitu kwa kuwa nilikuwa mgongoni mwa mtu. Kaka yetu mkubwa alipita jikoni, akaionea huruma ile sufuria, akatia chumvi. Dada yetu mwingine, aliyemfuata kaka, akapita, naye akamhurumia mama, akatia chumvi. Kisha akapita mdogo wao mmoja, ambaye leo ni babu na simtaji kwa heshima ya wajukuu wake, akatia chumvi kwa mikono miwili. Baba alirudi kutoka karakana, akatia tonge mdomoni, akanywa maji, akanywa tena, ndipo akauliza, "Nani ametia chumvi?" na mikono mitatu ikapanda juu kwa fahari, kama ya watoto wanaosubiri zawadi. Baba hakumpiga mtu, alisema tu, "Mnampenda mama yenu mpaka tunalala njaa."

Wote walicheka isipokuwa dada, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Kesho yake asubuhi aliwapanga ndugu zake uani, wamesimama, maana alisema mtu akikaa anaanza kuzungumza habari nyingine, akamtaka kila mmoja aseme atakachofanya siku ile, na ambacho hatakigusa. Hicho, ndugu zangu, ndicho kilikuwa kikao chake cha kwanza, na hakikuwa na chai.

Alisoma sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia mwaka 1975 hadi 1978, kisha akajifunza kazi ya utunzaji wa ghala katika chuo cha biashara, na tarehe 2 Mei 1983 akaajiriwa kuwa karani wa ghala katika shirika moja la misaada. Ghala lilikuwa na paa la bati lililopiga kelele mvua ikinyesha, na humo alijifunza harufu ya turubai jipya, uzito wa mche wa sabuni, na jinsi gunia linavyoongopa likiwa limelowa upande wa chini. Wakubwa wake waliona kwamba kila mahali anapokuwa, vitu haviji mara mbili, wakampandisha kidogo kidogo, akawa mratibu msaidizi mwaka 1996, na tarehe 1 Februari 2004 akakabidhiwa ofisi ya kanda inayoratibu misaada yote ya kimataifa katika eneo hili.

Ofisi yenyewe wengi mnaijua, ni ile posta ya zamani, yenye kaunta ndefu na vidirisha vya nondo, ambako watu waliendelea kuingia kuuliza stempu kwa miaka mingi, na yeye aliwajibu kwa adabu na mwisho akawa anaziweka. Ukutani palikuwa na ramani, mezani palikuwa na ramani nyingine kubwa zaidi, na juu yake vizibo vya soda vya rangi mbalimbali, kila shirika rangi yake, kila kizibo mahali ambapo shirika lile lilikuwa linafanya kazi. Viti vilikuwepo, lakini vilikaa stoo, maana kila asubuhi wakuu wa mashirika walifanya kikao wamesimama. Na ofisi ile haikuwa na kitu cha kugawa, si blanketi, si mafuta, si dawa, jambo lililomsumbua sana shangazi yetu, ambaye kila akitembelewa aliuliza, "Wewe mwanangu ni mkubwa wa misaada, na hata kipande cha sabuni huniletei?" Dada alijibu, "Shangazi, mimi nagawa maneno tu." Shangazi akasema, "Basi hayo hata mimi ninayo, tena ya ziada."

Mwaka 2007 mto ulivunja kingo. Watu walikimbilia sehemu mbili, wengine kwenye uwanja wa shule iliyo kando ya barabara kuu, wengine kwenye kilima ng'ambo ya mto, na kwa kuwa barabara ilifika shuleni, mashirika yote yalifika shuleni. Yalikuja kwa moyo mweupe kabisa, na yote yalileta mablanketi. Akaja pia mgeni mmoja kutoka makao makuu ya mbali, mtu mwema aliyetembea kana kwamba ardhi inamwunguza, madereva wakamwita Bwana Haraka kabla hajamaliza kushuka garini, naye pia alileta ndege nzima ya mablanketi. Watoto pale shuleni walikuwa wanacheza mpira wa mablanketi, na hapakuwa na maji ya kunywa, na kule kilimani hapakuwa na kitu.

Dada aliitisha kikao, na wakuu wa mashirika wakaanza kuvutana, kila mmoja akieleza kwa nini mablanketi yake ndiyo ya lazima na ya mwenzake ndiyo ya ziada. Yeye hakubishana na mtu. Alisema, "Jamani, hamjala, tule kwanza." Alikuwa amemwomba mpishi wa ofisi apike maharage na kuyatia chumvi mara tatu, na mpishi, aliyekuwa na jina la kulinda mjini, alikubali kwa sharti kwamba baadaye atangazwe hadharani hana hatia. Wakuu walikula wamesimama. Walimeza kwa heshima, na Bwana Haraka, kwa malezi mema aliyopewa na mama yake, alimaliza sahani yote huku machozi yakimlenga. Mwishowe fundi wa visima, mtu asiyejua kuficha, akaweka kijiko chini na kusema, "Mama, haya maharage au bahari?"

Ndipo dada akawasimulia habari ya sufuria ya mwaka 1973, na ile mikono mitatu iliyopanda juu kwa fahari, kisha akawaangalia kwa upole akauliza, "Sasa, nani ametia chumvi?" Bwana Haraka akanyanyua mkono, kisha mwingine, kisha mwingine, na kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Hakuna aliyeaibishwa, na nadhani hapo ndipo palipokuwa na ustadi wake, kwamba alimwonyesha mtu kosa lake akiwa amelifunga ndani ya upendo wa mtu huyo mwenyewe. Kabla jua halijazama vizibo vilikuwa vimetawanywa upya juu ya ramani, mkuu mmoja akachukua maji, mmoja mitumbwi, mmoja dawa, na mablanketi ya Bwana Haraka yakavuka mto kwenda kilimani, naye akiwa ndani ya mtumbwi wa kwanza, akiomba maji ya kunywa. Kuanzia siku ile jina la dada likawa Mama Chumvi, na kila kikao kikaanza kwa swali lile.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, katika ua huu, na shemeji yetu, fundi wa malori. Walikutana lori lilipokufa mbele ya ghala, shemeji akaja na spana zake, na kabla hajafungua boneti akaulizwa na karani mmoja aliyesimama mlangoni, "Nani mwingine ameshaigusa hiyo injini?" Shemeji anasema aliwahi kuulizwa mengi maishani, lakini hilo ndilo swali la kwanza la akili, akaamua palepale. Kwa miaka yote alipoulizwa mkewe anafanya kazi gani alijibu, "Anawazuia watu wema wasigongane." Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mkunga, wa pili mwalimu wa hesabu, na wa tatu binti aliyejiteua kuwa msimamizi wa baba yake, na wajukuu watano, ambao bibi yao aliwasimamisha uani kila likizo, na wakadhani kila nyumba duniani inafanya hivyo.

Alistaafu tarehe 31 Januari 2019, akamkabidhi naibu wake, mama mtaratibu ambaye madereva humwita Mpole, vile vizibo vya soda na funguo za stoo ya viti. Mwaka uliopita moyo wa dada ulianza kuchoka, akawa anakaa barazani mito miwili mgongoni, na hapo ndipo swali lile lilipomshika. Mwaka huo huo ukaja ukame, tukaona malori yakipita, na tukajua posta ya zamani ina kazi. Simu ya dada ilikaa mezani mbele yake, kimya. Shemeji alimwambia, "Si umpigie tu Mpole umuulize kikao kinaendaje?" Akajibu, "Nikiuliza, atajibu, nikijibiwa, nitashauri, na nikishauri nitakuwa nimetia chumvi." Siku moja aliudhika kwamba hawampigii, akanuna mpaka mchana, kisha tukamsikia anacheka peke yake, anapiga makofi, anasema, "Hawajanipigia! Mmeona? Hawajanipigia!" Halafu akatulia, akasema polepole, "Au vizibo wamevitupa." Na hapo kati ya mambo hayo mawili ndipo alipoishi, kwa uchangamfu, bila kuuliza, mpaka tarehe 6 mwezi huu, alfajiri, alipotutoka katika hospitali ya misheni, mkono wake mmoja ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, ambao aliwapangia zamu zao bila kuombwa na wakamvumilia. Tunawashukuru majirani, ambao tangu siku ya kwanza mlikuja kwa upendo mtupu, mkatuletea mahema sita na vipaza sauti vitatu, na hakuna aliyeleta maji. Dada angewapenda sana. Mahema matano tumeyarudisha, na maji yamepatikana.

Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, na ninyi nimewaacha mwisho makusudi. Jana asubuhi Mpole alimwendea shemeji na kumwomba radhi, akasema saa ya kikao imefika, kuna daraja limekatika na kuna watu wanasubiri, je, wanaweza kusimama hapa uani kwa muda mfupi. Shemeji akawaambia, "Simameni pale ukutani, ila viti vya msiba msiviguse," nao wakacheka, wakaenda. Mimi nilikuwa karibu, nikasikiliza. Wakatandaza ramani juu ya ngazi za baraza, wakamwaga vizibo, na afisa mmoja mpya, binti aliyeajiriwa juzi juzi na ambaye hakuwahi kumwona marehemu akiwa hai, ndiye aliyefungua kikao, akauliza, "Haya, nani ametia chumvi?" Mikono miwili ikapanda. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe kila siku dawa zako zinafuata zangu kama mkia," mwenzake akajibu, "Basi nenda ng'ambo, mimi nabaki," kizibo kikasogezwa, wakaendelea. Walizungumza maji, daraja, na malori, na katika kikao chote hawakumtaja dada hata mara moja. Wakakunja ramani, wakarudi kwenye mkeka, wakaendelea kulia.

Nilimfuata yule binti, nikamuuliza kama anajua msemo ule wa chumvi ulitoka wapi. Akafikiri kidogo, akasema, "Sijui, baba, nadhani ni wa ofisi tu, umekuwepo siku zote."

Dada, hukuuliza, kwa hiyo nakuletea jibu bila kuulizwa, na kama hiyo ni chumvi, nisamehe, ni ya mara moja tu. Kikao kimesimama. Lala sasa, dada yetu, upumzike kwa amani, zamu yako imechukuliwa.