Vibao Vitatu na Chemchemi Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, na wanafunzi wa marehemu mliotoka karibu na mbali, familia imenituma mimi, mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa, niwasomee safari ya maisha ya mjomba wetu, na ingawa mimi ni fundi cherehani, na mambo ya misitu nayajua kwa kuyasikia tu mezani, nimekubali, kwa sababu mjomba aliagiza historia yake isomwe na mtu asiyejua kupamba maneno, na familia nzima ikageuka kunitazama mimi.

Mjomba wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa nne kati ya sita na wa kiume peke yake, jambo ambalo dada zake, akiwemo mama yangu, walilitumia kumtuma dukani mpaka alipoota ndevu. Maji ya nyumba ile, na ya mtaa wote, yalitoka kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima, na bibi yetu, yaani mama mzazi wa marehemu, alishikilia kwamba maji yale ni matamu kuliko soda, maneno ambayo sisi wajukuu tulioonja vyote viwili tuliyapokea kwa heshima.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya wavulana kuanzia 1966 hadi 1969, na mwaka 1970 alijiunga na chuo cha misitu, akahitimu Novemba 1972, akarudi nyumbani na cheti chenye muhuri mwekundu. Bibi alikipeleka kwa fundi kikatiwe fremu, akapigilia msumari juu ya kochi, akakitundika, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyekaribishwa kuketi kabla hajaelekezwa pa kutazama.

Marehemu aliajiriwa Januari 1973 kama afisa misitu msaidizi, na hapa naomba mnivumilie, maana bila kulieleza hili hamtaelewa kwa nini leo tutazika namna tutakavyozika. Mwaka 1976 iliamuliwa kwamba chemchemi yetu ilindwe, kazi ikagawanywa kwa idara tatu, na kila idara ikaja kwa wakati wake, bila kuambiana. Mjomba, kwa upande wa misitu, aliizungushia mikaratusi, mti unaokua haraka na kupendeza kwenye ripoti, afisa maji akaja akaweka uzio wa waya ili mifugo isichafue maji, kisha afisa mifugo, alipoona ng'ombe wamezuiwa, akawajengea hori la kunyweshea huko juu ya kilima na kuwafungulia njia mpya ya kulifikia. Kila mmoja alifanya alichofundishwa, akakifanya vizuri, akasimika kibao cha mradi wake, akapiga picha, akaondoka.

Mikaratusi ilikunywa kama waliokula chumvi, njia ya ng'ombe ikageuka korongo, mvua ikawa inateremka mbio bila kuingia ardhini, na Septemba 1981 chemchemi ikakauka kabisa, ikabaki tope, halafu ufa, na vibao vitatu vinavyoeleza jinsi ilivyolindwa. Watoto wa mtaa walifanya viwili kuwa nguzo za goli, na cha tatu wakawa wanatundikia mashati.

Bibi alianza kuteka maji kisima cha ng'ambo ya barabara kuu, na njia ya kwenda huko ilipita katikati ya miti ya mwanawe. Hakumgombeza hata siku moja, alichofanya ni kuisalimia ile miti kila akipita na ndoo kichwani, "Hamjambo wajukuu zangu, mmeshiba?", kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka ofisini kwa mjomba. Mjomba alikuwa akisema kwamba angetukanwa angepona mapema. Jumapili moja alikishusha cheti ukutani mwenyewe, akakiweka chini ya kitanda, msumari ukabaki mtupu, na wala bibi hakuuliza, na tangu hapo mjomba alikuwa na shauku moja tu duniani, mama yake anywe tena maji ya pale kabla hajafumba macho.

Oktoba ile maafisa watatu waliitwa kwenye chemchemi kujieleza, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana uso kwa uso. Afisa maji ni huyu mzee wetu aliyeketi mbele na bakora yake, tunayemwita Koki, kwa kuwa hawezi kupita bomba linalodondoka asilifunge, hata kama ni nyumba ya watu. Afisa mifugo alikuwa binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Walinyoosheana vidole asubuhi nzima, binti akasema miti ya bwana huyu inakunywa kuliko ng'ombe wake wote, mjomba akajibu kwamba miti yake angalau haina kwato, Koki akasema yeye uzio wake haujanywa hata tone. Jua lilipofika utosini wakakaa chini, wote wana kiu, na hakuna hata mmoja aliyebeba maji, kwa kuwa kila mmoja alijua anakwenda kwenye chemchemi. Hapo ndipo walipocheka, na katika kicheko hicho wakaona kwamba kila mmoja alikuwa amesoma kipande chake cha kilima tu, na kwamba hakuna chuo kilichowahi kuwafundisha kilima kizima.

Ndoa ya mjomba na afisa mifugo ilifungwa tarehe 7 Agosti 1982, msimamizi akiwa Koki, na wapenzi hao waliishi kwa raha miaka arobaini, isipokuwa pale mbuzi wa mke walipoingia kwenye kitalu cha miche cha mume, siku ambazo majirani mnazikumbuka bila mimi kusaidia. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza, aliyezaliwa 1983, ni daktari wa mifugo, wa pili, wa 1986, ni mhandisi wa maji, na kitinda mimba, wa 1990, ni mwokaji mikate, ambaye baba yake alipenda kusema kwamba angalau mmoja amesalimika.

Februari 1986, baada ya maombi kukataliwa na kuandikwa upya mara nyingi, chuo cha misitu kiliwakubalia wale maafisa watatu kuanzisha Mafunzo ya Kitaaluma ya Usimamizi Jumuishi na Endelevu wa Maliasili, jina refu kiasi kwamba mgeni rasmi alipolimaliza siku ya uzinduzi chai ilikuwa imepoa, na watu wakaliita kwa kifupi kozi ya miguu. Humo walikaa pamoja watu wa misitu, maji, mifugo, kilimo na wanyamapori, waliokuwa wamezoea kupishana koridoni bila salamu, na gari la chuo lilipowafikisha kilimani mjomba alisimama mlangoni na kutamka maneno ambayo kila mwanafunzi wake aliye hapa anaweza kuyaitikia, "Shuka, tutembee, gari halina macho." Ndiyo asili ya jina lake, Mwalimu Shuka.

Alikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni ya kofia, kwamba mkifika shambani mnabadilishana kofia za idara zenu, na siku nzima mtu wa misitu anawatetea ng'ombe, mtu wa mifugo anautetea mto, mbele ya wananchi wenyewe, bila kucheka, na wengine walitoa machozi kwa hasira kabla ya kuelewa. Ya pili ni mtihani wake, uliokuwa na swali moja kila mwaka na wote walilijua, bado wakaanguka. Aliwasimamisha mahali palipoharibika akauliza nani alikosea hapa, na aliyenyoosha kidole kwa mwenzake alirudia kozi, maana jibu alilolitaka ni mtu kueleza jinsi kila mmoja alivyokuwa sahihi kwa upande wake, na lini walipaswa kuulizana.

Darasa la mazoezi lilikuwa chemchemi yetu. Kila kundi liliachiwa sehemu ya kazi, hawa wakang'oa mikaratusi kidogo kidogo na kupanda miti ya asili, hawa wakaziba korongo kwa mawe na nyasi, hawa wakakaa vikao na wafugaji mpaka njia ya ng'ombe ikahamia ubavu mwingine wa kilima, wakahitimu wakaenda zao, na maji hayakuonekana. Watu walimcheka mjomba, wengine wako hapa, tumewasamehe. Bibi naye alizidi kuzeeka, na mimi nilimwona mjomba akimtazama mama yake anavyoinuka kwa shida kwenye kochi, kisha akiutazama msumari, na sijawahi kumhurumia mtu mzima kama nilivyomhurumia yeye.

Novemba 1997 wanafunzi walikuta udongo umelowa, kesho yake ukawa mchirizi, na wiki ile mjomba na Koki walimbeba bibi kwenye kiti cha jikoni mpaka chini ya kilima. Bibi alikinga kiganja, akanywa, akanawa uso, kisha akasema, "Haya, sasa umehitimu." Waliporudi nyumbani aliagiza cheti kitolewe chini ya kitanda, akakitundika kwa mkono wake, na alipofariki mwaka 1999 kilikuwa bado pale, kama kilivyo hadi leo.

Marehemu alistaafu mwaka 2011, ingawa buti hazikustaafu, akaendelea kufundisha mpaka Machi 2021 alipogundulika kuwa na tatizo la moyo. Alitibiwa hospitali ya wilaya, baadaye ya rufaa, ambako alimsumbua mtunza bustani mpaka maji ya mfereji wa paa yakaelekezwa kwenye miti badala ya barabarani. Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, alimuuliza kama huko nje kunanyesha, akaambiwa kunanyesha polepole, akasema hiyo ndiyo nzuri, inaingia, akafumba macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa subira, mtunza bustani aliyekuja kutuaga kwa machozi, majirani mliopika na kulala nasi, walimu wenzake chuoni, na mzee wetu Koki, ambaye tangu juzi amefunga kila bomba la nyumba hii.

Mwisho, mjomba aliagiza jeneza lisipakiwe garini. Tutatembea, tutapita chemchemini, wenye visigino virefu mtatuwia radhi, na watakaombeba ni wanafunzi wake kutoka idara zote, kila mmoja akiwa amevaa kofia ya mwenzake. Chai mliyokunywa asubuhi hii, ndugu zangu, ilichemshwa kwa maji ya pale, na nimewasikia wengi mkiomba kuongezewa.

Mjomba, ulihitimu zamani. Vua buti sasa, upumzike kwa amani.