Masolwa Hakati Mkia wa Neno

Kijiwe cha Salmini kilikuwa benchi moja la mninga, limeegemea ukuta wa Badrudin fundi cherehani, hatua chache kutoka stesheni ya Tabora. Kila alasiri kahawa ilimiminwa pale, na maneno yakamiminika zaidi. Lakini Ijumaa ile ya mwaka sitini na tisa Masolwa, ambaye mji mzima ulimwita Kengele, alikalia benchi saa za kazi. Miaka kumi na mmoja alikuwa ametangaza treni kwa kipaza sauti cha bati. Sasa bwana mkubwa mpya kataka matangazo yote yawe ya Kiingereza, eti reli ni ya nchi tatu, na alipomsikia Masolwa, akasema kila neno analiongezea irabu mkiani. “Pulatifomu”! Neno la silabi mbili, yeye kalitoa na tano. Kipaza sauti kakabidhiwa karani, na Masolwa kapewa mpaka Jumatatu anyooshe ulimi, la sivyo atasukuma toroli la mizigo.

— Ni baridi, alisema Badrudin. Kwao Waingereza, ukiacha mdomo wazi mwisho wa neno, baridi inaingia mpaka tumboni. Ndiyo maana wanafunga upesi. Haraka haraka haina baraka.

— Baridi gani, Badru? Ni ubahili, alisema Ghalibu, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Wanaandika herufi sita, wanasoma tatu, nyingine wanaficha. Na mficha uchi hazai. Unadhani nchi wametuachia kwa nini? Warithi hawana.

Salmini mwenye birika akaapa kwamba Ulaya irabu ni za mgawo kama sukari, kila mtu na zake chache kwa mwezi. Akamshauri Masolwa alale na kokoto mdomoni. Jumatatu ulimi utakuwa umeshafupika.

Masolwa aliweka kikombe chini.

— Siufupishi ng’o. Babu yangu alikuwa kirangozi. Msafara ukitoka Kwihara kwenda pwani, watu mia tatu nyuma yake, mbeba pembe wa mwisho kabisa alilisikia neno lake, kwa sababu liliishia mdomo wazi. Irabu ndiyo inayotembea. Hebu we Ghalibu, ipigie kelele herufi t, tuone itafika wapi.

Ghalibu alijaribu. Mate yakafika kwenye kikombe cha Badrudin.

Wakati huohuo stesheni ilitangaza kitu, mara moja, upesi, kama mtu aliyekohoa. Hata Masolwa hakuambulia neno. Punde akatokea mama mmoja, Apolinaria wa Ntalikwa, kapu kichwani na kuku kwapani. Bintiye alikuwa amejifungua Urambo, hali yake si nzuri, na treni ilikuwa imecheleweshwa tangu asubuhi.

— Baba zangu, hiyo waliyotangaza ndiyo treni ya Urambo, au bado?

Badrudin alimtazama Ghalibu. Ghalibu, aliyekifundisha Kiingereza adabu alasiri nzima, alitazama viatu vyake. Salmini akatikisa birika.

— Kule tumekaa watu kama hamsini, hakuna aliyesikia, alisema mama yule.

Masolwa aliinuka bila kuaga. Alijua fika kinachomngoja. Aliingia stesheni, akasoma karatasi mezani kwa karani, akamtwalia lile bati mkononi bila kuomba, akajaza kifua.

— Treeeni ya Mpandaaa! Usokeee! Uramboo! Kaliuaaa! Pulatifomuuu ya piliii!

Watu hamsini waliinuka kwa pamoja, na makapu na watoto wao. Apolinaria alivutwa ndani ya behewa la tatu, magurudumu yakiwa yameshaanza kuzunguka.

Jumatatu Masolwa alipewa toroli. Alilisukuma kifua mbele, na kila treni ilipoingia aliita vituo vyote kwa mdomo mtupu, na mikia yake.