Mtu Aliyeusogeza Ukuta: Kumuaga Wendell Haupt

Leo Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, kumekucha na ukungu mwepesi juu ya mashamba ya mahindi. Nyasi za uwanjani zimelowa, na upepo unavuma kutoka upande wa kushoto kuelekea kwa mpigaji. Upepo wa namna hii tungeuhitaji siku kumi na mbili zilizopita.

Leo pia Wendell Haupt, meneja mkuu wa timu yetu ya besiboli, Wahunzi wa Orrin, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Anastaafu kwa hiari yake. Tunasema kwa hiari kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kusema alichosema. Alisema mwenyewe, amesimama, uma mkononi.

Wendell alijiunga nasi mwaka 1990 akitokea kwenye kazi ya kuwauzia wakulima bima ya mvua ya mawe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza nafasi za matangazo kwenye ukuta wa uwanja, na tangazo la kwanza alimuuzia bosi wake wa zamani. Miaka minane baadaye alikuwa meneja mkuu. Mwaka wa mafuriko aliendesha basi la timu mwenyewe kwa wiki mbili, kwani dereva alikuwa akiokoa ng'ombe wake. Alitufikisha kila mji tuliotakiwa kufika, isipokuwa mmoja. Wachezaji walilipwa kwa wakati, vyoo vilifanya kazi, na hakuna mzee aliyewahi kukosa kiti cha kivulini. Hayo ni ya kweli, na tumeyaweka mwanzoni ili yasisahaulike tutakapofika mbele.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Wendell anaamini kwamba timu ya besiboli ni mtu mmoja mwenye mabega, na wengine wanane wamekuja kumpa kampani. Kila masika alimsajili jitu fulani la kupiga mpira mbali. Mmoja alivunja kioo cha gari la mchungaji siku ya kutambulishwa, na huo ndio ukawa mpira wake wa mbali kuliko yote. Mwingine alituaga Juni akaenda kuuza boti.

Mwaka huu alimleta Marcus Tolliver, mchezaji wa uwanja wa nje mwenye mabega kama mlango wa ghala. Ili kumpatia nafasi, Wendell aliwaacha waondoke warushaji wawili na yule kijana wetu wa mbio aliyekuwa akidaka kila kitu upande wa kati. Ramiro Quiles, mrushaji wetu mkongwe, aliuliza sasa nani atarusha.

“Tukifunga kumi, nani atajali anayerusha?” akasema Wendell.

“Wao wakifunga kumi na moja, mimi nitajali.”

“Ramiro, mdogo wangu, kula chapati zako.”

Walikuwa kwenye kifungua kinywa cha Jumatano, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, ambako mashabiki hula chapati za asali na kuisema timu. Kila mtu wa Orrin anajua sheria ya pale: neno likisemwa kwa kusimama, nalo likaitikiwa kwa vijiko kugongwa vikombeni, halirudi. Daktari wa meno aliwahi kuahidi kuogelea mtoni mwezi Machi, na aliogelea, barafu ikiwa bado ukingoni. Wendell alilijua hilo vizuri aliposimama na uma wake.

“Tolliver asipotufikisha kwenye mtoano,” alisema, “mimi nakabidhi funguo.”

Vijiko viligongwa. Aliyegonga kwa nguvu kuliko wote ni mkewe, Arlene, ambaye amekuwa akiahidiwa safari ya kwenda kuwaona wajukuu Oregon kila kiangazi, na kila kiangazi kuna mechi.

Baada ya hapo Wendell alilala akiwa na hofu, na hofu ikamletea wazo. Wiki moja kabla ya msimu aliamuru ukuta wa kushoto usogezwe ndani mita tano, ili mipira ya Tolliver ivuke kirahisi, maana mpira ukivuka ukuta, mpigaji na kila mkimbiaji aliye njiani hupata pointi. Tulishangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba wageni nao hupewa zamu ya kupiga.

Kumbe mtu pekee nchini asiyehitaji msaada wa ukuta alikuwa Tolliver. Mipira yake ilitua kwenye maegesho, na mmoja juu ya paa la duka la mbegu. Hakuna uliozihitaji zile mita tano. Waliozihitaji walikuwa wageni: vijana wembamba ambao mama zao hawakuwahi kuwaona wakiuvusha mpira ukutani walikuja Orrin na kurudi kwao mashujaa. Na Tolliver mwenyewe, akisimama kulinda upande ule ule, aliupisha mpira kwa adabu kama mtu anayempisha mjamzito mlangoni. Alichotuletea kwa gongo la kupigia alikirudisha kwa glovu.

“Bosi, ukuta wako unanifuata,” Ramiro alilalamika Julai. “Nikigeuka, umesogea tena.”

“Ukuta ni ule ule kwa timu zote mbili.”

“Ndiyo hapo sasa, bosi.”

Hata hivyo tulifika Jumatatu ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo huku kwetu ni mwanzoni mwa Septemba, mechi ya mwisho, tukihitaji ushindi mmoja dhidi ya timu ya mkia. Tuliongoza kwa pointi moja awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho. Wageni walibakiza nafasi moja tu kabla zamu yao haijaisha, wakiwa na mkimbiaji mmoja njiani, na mpigaji alikuwa Petey Lund, mfupi kuliko wote, ambaye hakuwahi kuuvusha mpira ukuta wowote tangu aanze kulipwa kucheza. Ramiro alirusha. Lund alipiga mpira mvivu, wa juu, upande wa kushoto.

Tolliver alikimbia. Tunashuhudia kwamba alikimbia, mara yake ya kwanza msimu mzima. Akainua glovu, mgongo ukagonga mbao, na mpira ukatua nyuma yake, kwenye nyasi zilizokuwa uwanja hadi masika. Pointi mbili, na wageni wakatupita kwa moja. Aliinama juu ya ukuta akautazama.

“Hapo ningefika,” aliwaambia mashabiki. Ramiro alivua kofia akaiweka kifuani, kama yuko mazikoni.

Tulikuwa bado na zamu yetu. Tolliver alipiga mrefu kweli kweli, safari hii upande wa kulia, ambako Wendell hakugusa kitu. Ukadakwa chini ya ukuta kabisa, na safari yetu ya mtoano ikaishia hapo.

Jumatano iliyofuata Wendell alisimama chini ya kanisa na kuweka funguo mezani. Hakuna kijiko kilichosikika. Mchungaji, ambaye kioo chake hakijalipwa mpaka leo, alimwambia, “Kaa chini, Wendell. Ule ulikuwa utani.”

“Vijiko viligongwa,” Wendell akajibu. Ndipo akakaa, akamalizia chapati zake. Tumemcheka mtu huyu miaka ishirini na tisa, lakini asubuhi ile hakuna aliyecheka.

Ukuta utarudi mahali pake keshokutwa. Zawadi yetu sisi wafanyakazi wa timu ni ubao mmoja kutoka hapo, ule wenye tangazo lake la kwanza la bima ya mvua ya mawe. Mpira wa Lund ulipita juu ya ubao huo. Auweke popote apendapo, ila aanze kwa kumuuliza Arlene.

Asante, Wendell, kwa kila basi, kila kivuli na kila jitu. Oregon ni mbali. Wajukuu wakikuomba mtu wa kucheza naye, cheza, lakini usisajili. Arlene anasema Jumatano ile ulilala saa tatu kasoro robo usiku, na kwamba hukuamka kwenda dirishani kuangalia upepo unatoka wapi. Endelea kulala. Upepo tutauangalia sisi.