Kisima cha Kumi

Benchi la kijiwe chetu cha Kisongo limeegemea ukuta wa jiko langu, kwa hiyo upuuzi wote nausikia hata nisipotaka. Asubuhi hukaa watatu. Elieza tunamwita Bomba, maana kisima kinachouzia mtaa maji ni chake. Ephraimu ni Redio, sababu mtaijua wenyewe. Arif ni Friji, ndiyo kazi yake kuzitengeneza. Wote meno yao yana rangi ya kahawia, kama yangu na ya watu wengi wa huku. Jumamosi moja nawamiminia kahawa, mjukuu wangu Vaileth akatokea na chupa tupu, karatasi na kalamu. Yeye ni mwenyekiti wa klabu ya wanachuo wanaofuga vijidudu.

— Shikamooni. Babu Bomba, naomba maji chupa moja na saini yako.

— Marahaba. Maji chukua. Saini ya nini?

— Tumebadilisha vinasaba vya vijidudu, babu. Tukivitia maji yenye floridi nyingi, ile inayoharibu meno, vinageuka zambarau. Tumeshapata visima tisa, cha kumi ni chako. Jumatatu mlezi wetu anakagua. Visipotimia kumi tunanyang'anywa chumba, kinakuwa stoo ya viti.

— Yaani unitilie wadudu kisimani?

— Hapana. Maji ndiyo yanayovifuata. Vyenyewe vimefungiwa chuoni, havitoki.

— Havitoki! Redio akadakia. Vitatoroka hivyo, vitaingia mtoni, ng'ombe watakunywa. Subirini maziwa ya zambarau sokoni.

— Msimcheke, akasema Friji. Mimi niliitwa kutengeneza friji ya chuo kimoja, naapa, nilikuta vichupa vinapumua.

— Vinapumuaje?

— Kifuniko kinapanda, kinashuka. Nikavisalimia, nikafunga mlango taratibu, nikaondoka.

Bomba akatikisa kichwa.

— Mimi naogopa lingine. Wakishayajua maji yangu ndani nje, si watayazalisha hukohuko chuoni?

— Maji yanazaa, we mzee? nikamuuliza.

— Bibi, hawa watoto wa siku hizi huwajui.

Redio akamgeukia Vaileth.

— Na hiyo klabu mko wangapi?

— Kumi na moja.

— Viongozi?

Vaileth akaangalia viatu vyake.

— Tisa.

Hapo sikuvumilia.

— Waambie na vile vijidudu vya kwanza vilikufaje.

— Bibi, jamani!

— Vilikufa Pasaka, kwa njaa. Mwenyekiti alidhani katibu atavilisha, katibu akadhani makamu, makamu akaitisha kikao baada ya sikukuu. Kuku wangu watano wana utaratibu kuliko hiyo klabu.

Wakacheka, kila mmoja ameziba mdomo kwa kiganja, kama tulivyozoea kucheka huku.

— Sasa zamu tumebandika ukutani, akasema Vaileth. Wiki hii ni yangu, na nimevilisha kabla sijaja hapa. Babu, naomba saini.

Bomba akaipokea kalamu, akaiweka kwenye goti. Sauti ikashuka.

— Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi wadudu wako wala siwaogopi. Vikigeuka zambarau, nani atanunua maji yangu?

Familia yake nzima inakula kwenye kile kisima.

Akafika Anneth, amehamia mtaani hata mwezi haujaisha, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Akatusalimia, akatua ndoo.

— Samahani mzee Elieza, mimi mgeni, nilitaka kuuliza tu. Yule mjukuu wako anayeota meno, mnampa maji gani?

Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na matangazo. Friji akachungulia kikombe chake kana kwamba skrubu imedondokea humo. Mtaa mzima tumeshamwona mkwe wa Bomba, mama wa mtoto huyo, akitoka dukani amekumbatia katoni ya maji ya chupa.

Halafu Bomba akaishika kalamu. Akaandika jina lake polepole, herufi kubwakubwa, mpaka likavuka mstari.

— Kachote mwenyewe, bomba la mbele.

— Asante sana, babu. Majibu nikuletee nyumbani?

— Nyumbani usilete, nitayaficha. Lete hapa, uyasome mbele ya hawa.