Karatasi ya Ilunga

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, hata kwa sauti yenye machozi kama yangu leo! Mnaniona nikibeba mabeseni ya hospitali hapa Kamina, na wengine mnaulizana kwa nini mtu aliyesomea uuguzi anafua bendeji. Nitawaambia.

Nilimaliza shule ya wauguzi pamoja na rafiki yangu Ilunga, mzaliwa wa kijiji cha Mulongo. Tulipelekwa kwenye kituo kidogo cha dawa karibu na Kinkondja, kando ya ziwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wanaokaushwa kwa moshi, moyo wangu unarudi kule. Kisha ukaja ugonjwa wa kuhara damu. Watu walikufa nyumba kwa nyumba, na sisi tulikuwa wawili tu.

Ndugu zangu, nilikimbia! Nilifunga mzigo wangu asubuhi, jua likiwaka. Ilunga akanikuta, beseni mkononi. Hakunitukana. Alinipa karatasi ya sifa aliyoandikiwa na daktari, akasema tu: "Kaka, siku utapita Mulongo, upatie mama. Aone mutoto wake iko natumika, iko nafanya kazi."

Mtumbwi uliokuwa tayari ulikuwa wa kwenda Bukama, si Mulongo. Nikaupanda. Wiki chache baadaye wachuuzi wa samaki waliniambia Ilunga amekufa.

Mulongo sikwenda. Miaka kumi na mmoja nilitangatanga: Bukama, Likasi, Kolwezi, kubeba makaa, kuuza chumvi, kulala kwa watu. Kila mahali nilitamani ziwa, na kila mahali niliogopa atakayeniuliza habari za Ilunga. Hata nilipomwoa Marta, binti wa mtu wa reli hapa Kamina, nilimhamisha mara tatu. Tuliporudi hapa Kamina akaapa hahami tena.

Ndipo hospitali ikatafuta muuguzi. Ilitakiwa barua, na ndani yake kazi zote ulizofanya, na kwa nini uliziacha. Kwa nini uliziacha! Niliandika, nikachana, nikaandika, nikachana. Mwisho nikatoa karatasi ya Ilunga sandukuni. Daktari alikuwa ameandika: "Huyu hawaachi wagonjwa wake." Nikanakili maneno yale yakawa yangu. Nikaongeza kwamba nilikaa ziwani mpaka ugonjwa ulipokwisha.

Marta hajui kusoma. Akasema, "Soma, nisikie."

Nikasoma. Akapiga makofi. "Kumbe niliolewa na mwanaume wa maana vile! Na miye kila siku nakuita mukimbiaji! Leo nakupikia kuku." Akatoka nje, nikamsikia akimwita jirani: "Mama, kuja usikie mambo ya bwana yangu!"

Ndugu zangu, hakuna mjeledi ulionipiga kama furaha ile. Nilianguka magotini pale mezani. Sikuwa na maombi, nilikuwa na jina la Ilunga tu, na nililisema mbele za Bwana mara nyingi. Marta aliporudi na kuku kwapani, nilimweleza yote. Alimwachilia kuku. Akasema, "Andika tena. Sasa andika ile ya kweli."

Niliandika: Kinkondja niliacha wagonjwa, nikakimbia.

Muuguzi mkuu aliisoma mara mbili. "Weye uko mujinga, ao uko mukristo kabisa?" Hakunipa kazi ya uuguzi. Alinipa mabeseni. Nikaomba siku chache kwanza, nikaenda Mulongo.

Kule nilikuta jambo nisilolijua. Habari zilikuwa zimefika kwamba muuguzi mmoja alikufa na mmoja alikimbia, bila kutajwa majina. Mama yake Ilunga alichagua kuamini kwamba mwanawe ndiye aliyekimbia. Miaka kumi na mmoja alimngoja! Mkeka wa mwanawe ulikuwa bado umekunjwa ukutani, hauna vumbi. Wenzake walimcheka kwamba amezaa mwoga, naye akavumilia, maana mwoga anaweza kurudi.

Nikamsomea karatasi. Nikamwambia mwoga ni mimi.

Akauliza, "Kaburi yake iko wapi?"

Sikujua, ndugu zangu. Nilikuwa nimekimbia.

Siku ile mama yule alinyoa nywele zake na kulia kilio alichokiweka miaka yote ile. Wanawake waliomcheka walikuja kulia naye. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Lakini jioni alikunjua mkeka wa Ilunga, akanionyesha kwa kidole. "Lala pale. Kesho tutaenda kutafuta."

Tulitafuta siku nne kando ya ziwa. Hatukulipata kaburi lake.

Namshukuru Bwana, kwa maana tangu hapo miguu yangu imetulia. Wewe unayesikia, uliye na mzigo wa mtu sandukuni mwako, mtumaini Yesu na uupeleke leo. Kuna mama anangoja. Nami kila msimu wa kiangazi narudi kwa mama yake Ilunga, tunatafuta tena.