Lorna Petschel na Shahidi wa Pili

Miaka thelathini na minane, miezi mitatu na siku ishirini na tano. Huo ndio muda ambao Lorna Petschel ameitumikia gereji ya Halmashauri ya Barradeen, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti 1987 hadi leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, anapoweka spana chini na kustaafu. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu wa kumuaga niliandika "karibu miaka arobaini." Akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Nev, karibu si kipimo."

Sehemu ya mwisho ya wasifu huu, hata hivyo, hajaiona. Nimeipeleka kwa mchapaji bila yeye kujua, na atanisamehe au atanirushia nyundo, liwalo na liwe. Kuna jina la mtu linalopaswa kusafishwa leo kabla keki haijakatwa. Lakini twende pole pole.

Siku ya kwanza ya kazi, msimamizi wa enzi hizo alimwona msichana wa miaka ishirini na sita mlangoni, akadhani amekuja kuchapa barua. Akampeleka ofisini, akamkalisha mbele ya mashine ya kuchapa ambayo herufi zake zilikuwa zinanasa tangu Krismasi. Lorna hakubisha. Aliifungua mashine, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akairudishia, akachapa mstari mmoja: "Imepona. Naomba sasa nipelekwe kwenye malori." Karatasi hiyo bado ipo, imebandikwa juu ya sinki la kunawia mikono.

Wageni wetu wa leo wanahitaji kujua desturi moja ya gereji hii. Ijumaa, kwenye chai ya saa nne, aliyekosea wiki hiyo anapanda juu ya ndoo ya grisi iliyopinduliwa, anataja kosa lake kwa sauti, kisha anakata keki aliyoioka kwa mkono wake. Keki ya dukani haikubaliwi. Kosa likishatajwa juu ya ndoo limekwisha, hakuna barua wala kikao. Linalobaki ni jina la utani, na hilo, wallahi, halina dawa.

Lorna mwenyewe alipanda ndoo mara ya kwanza mwaka 1991. Geji ya greda, yaani kipimo cha presha, ilionyesha kwamba injini haina presha ya oili hata kidogo. Akaiamini. Kwa siku tisa za joto la Januari waliipasua injini ile hadi uti wa mgongo, wakakuta beringi zinang'aa kama vijiko vya harusi. Injini ilikuwa nzima, geji ndiyo iliyokufa. Akasimama juu ya ndoo akasema: "Nimempasua mgonjwa mzima kwa sababu saa ya ukutani ilisimama. Sirudii tena."

Na hakurudia. Jumatatu iliyofuata alikuja na geji ya shaba ya marehemu baba yake, ile ya kizamani isiyotumia umeme, inayofungwa moja kwa moja kwenye tundu la injini ili oili yenyewe isukume mshale. Aliihifadhi ndani ya soksi ya timu ya mpira ya Barradeen, na humo ndimo ilimo mpaka leo. Aliiita shahidi wa pili. Kila fundi aliyepita hapa anaikumbuka sheria yake: usimwamini mshale, usimdharau mshale, mtafutie shahidi wa pili.

Sasa tuje kwa Beryl, maana usipomtaja Beryl hujamtaja Lorna.

Beryl ni lori letu la vitabu. Kila wiki mbili huzunguka mashamba ya ng'ombe kilomita mia saba, na dereva wake tangu awali ni Glenys Arkinstall, mkutubi ambaye anaweza kubadilisha tairi na kukuchagulia hadithi ya mapenzi kwa wakati mmoja. Mwaka 2014 injini ya Beryl ilikata roho. Fedha za injini mpya hazikuwepo. Lorna akaipata nyingine, ya aina tofauti kabisa, kutoka kwenye lori la nafaka lililogongana na fahali. Lori lilikufa, fahali akaondoka anachechemea, injini ikabaki salama. Wiki tatu akakata, akachomea, akapima, hadi injini ya lori la nafaka ikakaa kifuani mwa Beryl kama imezaliwa humo.

Jumatatu Glenys akaenda kuijaribu barabarani. Alirudi uso umemparama.

"Jamani, nikienda polepole mshale wa oili uko katikati. Nikikanyaga mafuta unashuka! Nikikanyaga zaidi unashuka zaidi!"

Gereji nzima ikavaa sura za msibani. Beringi zimekwisha, walisema. Pampu imekufa, walisema wengine. Meneja wa magari, Bwana Strachan, alikuwa na mwezi mmoja tu hapa na alikuwa ametumwa kupunguza: kupunguza magari, na kupunguza watu. Alitangaza kwamba Alhamisi saa nne atakuja kuitazama geji hiyo kwa macho yake. Isiposoma sawasawa, Beryl atauzwa vyuma chakavu na huduma ya vitabu ifungwe.

"Watu watasoma kwenye simu," alisema.

"Simu gani, bwana wee?" Glenys akamjibu. "Kule mtandao unaupata ukipanda juu ya tangi la maji! Mkimuuza Beryl, mniuze na mimi."

Lorna hakuingia kwenye ubishi huo. Alikuwa amejiinamia, anakuna sikio kwa bisibisi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: "Glenys mpenzi, ukifungua ufunguo tu, kabla injini haijanguruma, mshale unakuwa wapi?"

Glenys akafungua ufunguo. Mshale ukaruka mpaka juu kabisa.

"Haya. Injini imelala fofofo, presha hiyo inatoka kwa nani?"

Akatueleza pale pale, kwa chaki kwenye sakafu. Geji ya dashibodi haioni oili. Inasikiliza habari kutoka kwenye swichi ya oili iliyofungwa kwenye injini. Geji ilikuwa ya Beryl wa zamani, swichi ilikuja na injini mpya, na hao wawili hawakuwahi kukutana. Presha ikipanda, swichi ile ilipandisha namba zake, wakati geji ilizoea namba zishuke. Mmoja akisema ndiyo, mwenzake anasikia hapana. Tusiguse beringi hata moja, akasema. Tuagize swichi inayoendana na geji iliyopo, basi.

Swichi iliagizwa, ikafika kwa basi Jumatano alasiri. Lorna alikuwa ameitwa kuvuta gari la maji lililonasa mtoni. Swichi ikafungwa hivyo hivyo bila yeye.

Alhamisi saa nne kamili Bwana Strachan akaingia na kalamu mkononi. Glenys akawasha injini. Mshale ulilala kwenye sifuri. Akakanyaga mafuta. Sifuri. Bwana Strachan akaanza kuandika. Glenys akashuka, akasimama kando ya mlango wa Beryl, akaushika kwa mkono wote.

"Zima, mpenzi," Lorna akasema. "Bado shahidi wa pili hajasema."

Akaichomoa geji ya shaba kwenye soksi, akaifungua swichi, akaifunga shaba kwenye tundu lile lile. Injini ikawashwa. Mshale wa shaba ukasoma mia moja na hamsini. Ikaongezewa mafuta: mia nne, imetulia tuli. Hiyo ni presha ya injini yenye afya tele. Bwana Strachan aliinama mpaka tai yake ikagusa grisi.

"Sawa, injini nzima. Lakini dereva wako ataendesha huku kichwa kiko chini ya boneti? Nataka mshale wa dashibodi."

Hakukosea, tumpe haki yake. Lorna akaitazama ile swichi iliyokuwa kiganjani mwake. Meno ya kuifungia kwenye injini yalikuwa yamezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, mara saba, kama kidole kilichovunjika. Ndugu zangu, swichi ya namna ile ina waya mmoja tu. Njia ya pili ya umeme ni mwili wake wenyewe, chuma kikigusa chuma cha injini. Ukiivika tepu, umeiziba mdomo. Lorna akainua macho, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaibandua tepu yote, akaisugua swichi hadi ikang'aa, akaweka kiunganishi cha njia tatu ili swichi na geji ya shaba zinywe oili moja.

Ufunguo: mshale chini, mahali pake. Injini: mshale ukanyanyuka. Mafuta: mia nne kwenye shaba, mia nne kwenye dashibodi. Glenys alipiga honi mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Bwana Strachan akarudisha kalamu mfukoni, akauliza kama Beryl ana kitabu chochote cha uvuvi.

"Lakini nani alizungusha tepu?" akaongeza akiwa mlangoni.

Ijumaa, saa nne, Lorna alipanda ndoo. "Nilizungusha tepu mara saba," alisema. "Mzee mzima. Aibu yangu. Kateni keki." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Siku ile akapewa jina la Fundi Bomba, na kwa miaka kumi na moja tumemwita hivyo: kwenye redio za magari, kwenye kadi za Krismasi, hata kwenye bango lililotundikwa ukutani leo. Hajawahi kulikataa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nasema. Tepu ile niliizungusha mimi, Neville Quilty, mtunza stoo, ambaye spana kwangu ni kitu cha kuhesabu tu. Jumatano ile jioni, wengine walipokwisha kuondoka, niliifunga swichi peke yangu; nilitaka kusaidia. Niliogopa ivuje. Na wiki ile meneja alikuwa na orodha ya watu wa kupunguza ambayo haikuwa na jina lolote bado, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Lorna alilijua hilo. Alijua pia tepu ile inatoka rafu gani. Aliponipita kwenye ngazi za stoo alisema maneno machache tu: "Siku nyingine, Nev, acha chuma kiguse chuma." Halafu akaenda nyumbani kuoka keki yangu.

Nilikula vipande viwili vya keki ile. Nilicheka na wengine. Nilimwita Fundi Bomba kwa mdomo huu huu, na kila mara nilipomwita alinikonyeza. Nina haya, na nina shukrani isiyo na kipimo, hata yeye mwenye vipimo vyote asingeipima.

Basi, mabibi na mabwana, bango lishushwe. Fundi Bomba ni mimi. Ndoo iko mbele, nimeshaipindua. Keki iliyo mezani nimeioka mwenyewe, imezama katikati na pembeni imeungua, msimlaumu mke wangu.

Lorna anahamia kwenye kibanda chake cha Mirrabin, kilomita mia moja na themanini kutoka hapa. Glenys ameniomba nitangaze kwamba kuanzia wiki ijayo Beryl ana kituo kipya: lango la Petschel, Jumanne ya kila wiki ya pili, saa tano asubuhi. Injini ni ile ile. Mshale unasoma sawasawa.

Asante, Lorna, kwa magari yote uliyoyafufua na kwa mtu mmoja uliyemfunika. Tunakuombea siku ndefu, oili safi na vitabu vizuri langoni. Na ukisikia watu wanasema kwamba wewe ndiye fundi bora aliyewahi kukanyaga Barradeen, usiwaamini wao peke yao. Niite mimi, shahidi wa pili.