Nikifika Nitamuuliza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naanza na ninyi mlioketi nyuma, karibu na mlango, kwa sababu benchi lile nalijua. Nililikalia muda mrefu, jicho moja kwa pasta na jicho lingine nje. Ninyi wa mbele mtanisamehe, salamu yenu inafuata.

Naitwa Numbi. Wengi mnanijua kwa sababu nafundisha watoto wenu, na wakichelewa shuleni kelele zangu mnazisikia mpaka sokoni. Baba yangu alikuwa mwalimu vilevile hapa Kamina. Mama yangu aliimba katika kwaya ya akina mama, sauti ya pili, na mimi niliimba katika kwaya ya watoto. Nyumbani kwetu tuliimba kama watu wengine wanavyopiga soga. Mama akikaanga samaki wa Kinkondja anaimba, mimi nikifagia uwanja namwitikia.

Kisha Mama akaugua. Ndugu zangu, kanisa hili lilipenda familia yetu, nasema kweli. Mlifunga, mlikesha, mlikuja hospitalini na sufuria za chakula. Na siku moja mwombezi mmoja wa kanisa alinishika kichwa akasema Mungu amemwonyesha mama yangu akitembea. Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini moja kwa moja. Nikaenda kufua gauni lake la kwaya ili alikute tayari.

Alizikwa nalo.

Mliimba matanga yote. Mlilala kwetu, mlisonga bukari, ugali wetu, mlimshika baba mkono. Kisha matanga yakaisha, mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi kwake. Hakuna hata mmoja aliyenirudia kuniambia neno juu ya yale maono ya Mama kutembea. Labda mliona haya, labda mlidhani mtoto amesahau. Mtoto hasahau, ndugu zangu.

Jumapili iliyofuata nilisimama na kwaya, na mdomo wangu ukakataa. Wimbo niliujua, maneno niliyajua, lakini ndani yangu kulikuwa na swali moja tu, nalo lilijaa mpaka kooni. Nikafikiri nikifungua mdomo litatoka hilo badala ya wimbo, na watu watashangaa. Basi nikanyamaza. Baadaye nikaacha kusali chakula kikiletwa. Mwishowe nikahamia lile benchi la nyuma.

Hapo maneno yakaanza. Mnajua mji wetu, maneno hayahitaji baiskeli. Mtoto wa marehemu haimbi, haombi, analia peke yake nyuma ya choo. Mmoja akasema ni pepo wa bubu. Mwingine akaongeza, tena kwa sauti ya chini ambayo mtoto huisikia vizuri kuliko zote: labda yule mtoto ndiye aliyemla mama yake kwa uchawi. Rafiki zangu wakakatazwa kucheza nami. Na mimi, ndugu zangu, nikaanza kuamini. Nilijiuliza usiku na mchana kama kweli nilimuua Mama bila kujua.

Baba alikuwa amechoka, alikuwa amekonda kama ufito. Wakamshauri anipeleke kwenye chumba cha maombi ng'ambo ya reli, kule ambako watoto walifungiwa bila chakula mpaka pepo akubali kutoka. Baba alikataa, kisha akasema sawa, nitampeleka Jumatatu. Lakini kwanza kanisa letu lijaribu.

Basi Jumapili wakaniita hapa. Ni hapa hapa niliposimama sasa, mguu wangu unatambua hii sementi. Mashemasi wakanizunguka, mkono wa mmoja ukakandamiza kichwa changu, wakaanza kukemea. "Toka! Toka ndani ya mutoto!" Nilitamani sana huyo pepo awepo, atoke, nirudi nyumbani.

Ndipo Mama Numbi akainuka.

Kwa wageni nitaeleza. Huyu si mama yangu mzazi, ni yule bibi tuliyemzika juzi, mjane wa mwinjilisti, mwenye kuimba vibaya kuliko wote na kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa na jina langu. Nanyi mnajua kwetu: mtu mwenye jina lako ni wewe mwenyewe katika mwili mwingine. Unamwita "majina", naye anakuita "majina". Akitukanwa, umetukanwa.

Alikuja polepole na fimbo yake, akaingia katikati ya mashemasi, akavua kitambaa cha kichwa, akainamisha kichwa chenye mvi karibu na changu.

"Endeleeni," akasema. "Kama mutoto iko na pepo, minyi pia niko naye. Tuko jina moja. Munikemee na minyi."

Nani angemkemea Mama Numbi? Nusu ya mashemasi wale alikuwa amewabeba mgongoni.

Alingoja. Kisha akasema, "Huyu mutoto haiko na pepo. Iko na kilio. Tulizika mama yake, tukakula bukari, tukarudia kwetu. Nani alibaki naye?"

Pasta wetu wa wakati ule alikuwa kijana, ametoka chuoni na vitabu vyake. Namshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo, kwa sababu angeweza kutetea heshima yake. Alishuka mimbarani, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana, akasema, "Numbi, tumekukosea. Utusamehe." Baba yangu alikuwa analia kwa sauti. Jumatatu ile sikuvuka reli.

Msidhani niliimba papo hapo. Hapana. Mungu hakuwa na haraka nami.

Jumamosi Mama Numbi aliniita kwake kumenya karanga. Alitandika mkeka uwanjani, akamwaga karanga, tukamenya. Hakunihubiria. Alinisimulia jinsi alivyoanguka kutoka mtumbwini kule Bukama siku ya kwanza kuwaona wakwe zake, akafika kwao amelowa kama panya. Jumamosi nyingine tena. Pasta naye akawa anapitia, anakaa mkekani na suruali yake iliyopigwa pasi, anamenya taratibu mno mpaka tunamcheka. Wakaja vijana wengine, hata watoto wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, kwa baiskeli. Pale mkekani kila mtu aliruhusiwa kuuliza, na hakuna aliyeambiwa nyamaza.

Siku moja tulikuwa wawili tu, na swali likatoka. "Mama, Mungu alisikia maombi yetu?"

"Alisikia, majina. Namna tulilia vile, atakosa kusikia?"

"Sasa juu ya nini Mama alikufa?"

Mikono yake ilisimama. Nilijiandaa kukemewa.

"Sijui," akasema. "Minyi sijui, majina. Lakini weye uko mutoto, minyi niko muzee. Minyi nitafika mbele. Nikifika nitamuuliza."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kilio ambacho sikukilia kaburini, na yeye hakunituliza, alinishika tu mgongo na mikono yake yenye vumbi la karanga. Nilipomaliza, akaanza kuimba wimbo wa Mama, ile sauti ya pili. Aliuharibu! Aliuharibu vibaya mno, mpaka nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, "Hapana, Mama, haiendi vile," nikamwimbia inavyokwenda. Nilifika ubeti wa tatu ndipo nikagundua kwamba naimba. Yeye alikuwa anamenya karanga, uso chini, anatabasamu.

Hapo ndipo nilipofunguliwa, katikati ya maganda ya karanga. Bwana wetu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake, na siku ile nilijua kwamba alikuwa amekaa nasi mkekani.

Wazazi, na wazee wa kanisa, mnatuuliza kila mwaka tufanye nini ili vijana wasipotee. Mimi sina semina. Nasema tu, mtoto akinyamaza, mkae naye. Na akiuliza jambo msilolijua, mwambieni hamlijui. Mama Numbi aliponiambia "sijui", nilianza kumwamini katika yale yote aliyosema anayajua.

Kabla hajafa nilikwenda kumwona. Sauti ilikuwa imekwisha. Nilimlisha uji, nikamwimbia, akanivuta sikio kama zamani. "Majina," akasema, "swali yako niko nayo. Siyasahau."

Jumamosi mkeka utakuwa kwangu, nyuma ya shule. Ninyi wa karibu na mlango, nawaomba ninyi hasa. Njooni na maswali yenu, hata yale mabaya. Mtumainini Mungu, haogopi kuulizwa. Na mje na karanga, kwa maana mshahara wa mwalimu mnaujua.

Namshukuru Mungu aliyeniita kwa jina langu kwa kinywa cha mwenye jina langu. Sasa majina yangu amefika. Namjua yule bibi, najua hata hakuketi kwanza, ameshauliza. Jibu analo yeye. Mimi, ndugu zangu, sina haraka tena. Nitangoja nikiimba.